Lindo Linaishia Wapi?

Mnamo Agosti mwaka wa 2025, mwenyekiti wa chama cha wakazi wa fleti tunamoishi mimi na dada yangu alinijia mlangoni akiwa na karatasi kumi na moja zilizobanwa kwa pini. Ulikuwa mkataba baina ya chama chetu na kampuni moja ya ulinzi, ulioandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. "Mwalimu," akaniambia, "wewe ndiwe mtu wa Kiswahili hapa. Tutafsirie hii ili walinzi nao waisome kabla hawajatia sahihi." Aliongeza kwamba ujira wangu ungekuwa kusamehewa mchango wa mwezi mmoja. Nilikubali upesi. Mwanafunzi wa uzamili hukubali upesi jambo lolote lenye neno 'kusamehewa' ndani yake.

Nilidhani ingekuwa kazi ya jioni mbili. Ilinichukua majuma matatu, na wala si kwa sababu ya istilahi. Istilahi tunazo za kutosha, na pale zinapokosekana sisi hatuchoki kuziunda. Kilichonikwamisha ni kifungu cha tisa, kilichokuwa na sentensi moja tu. Katika rasimu yangu ya kwanza kilisomeka hivi: 'Mlinzi hatavuka mpaka wa mteja kwa sababu yoyote ile wakati wa zamu yake, na tukio lolote litakalotokea nje ya mpaka huo halitakuwa jukumu lake.' Sarufi yake haikuwa na kasoro. Niliisoma mara mbili, nikaifunga tarakilishi, nikaenda kumtazama dada yangu aliyekuwa amelala katika chumba cha pili.

Dada yangu ni muuguzi. Februari ya mwaka huo huo alishuka kutoka matatu ya nambari 46 mwendo wa saa tatu na nusu usiku, akaingia katika kichochoro chetu kinachotokea Gitanga Road, pale ambapo Lavington huanza kusahau kuwa ni Lavington na kuanza kuwa Kawangware. Alipokuwa karibu na lango la fleti jirani, vijana wawili walimkaba. Walichukua mkoba, simu, na mfuko uliokuwa na viatu vyake vya kazini. Alivililia viatu vile kuliko simu; hadi leo sijaelewa kwa nini, na sijathubutu kumuuliza. Lango la jirani lilikuwa na taa inayowaka. Nyuma ya tundu la lango hilo palikuwa na jicho. Dada aliliona jicho lile nalo lilimwona, mpaka wale vijana walipokwisha kwenda zao.

Kesho yake mlinzi wa lango lile alimngojea asubuhi ili amwombe radhi. "Samahani dada," alimwambia, "kazi yangu ni ya hapa ndani." Nilipolisikia neno hilo nilimwita mwoga, na mengine ambayo jarida hili halingeyachapisha. Miezi sita baadaye, nikiwa na kifungu cha tisa mbele yangu, nilitambua kwamba mlinzi yule hakuwa amesema uongo. Alikuwa amenukuu mkataba wake.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna mazoea ya kukimbilia asili ya neno kila tunapoliogopa jambo lenyewe. Nami nilifanya hivyo hivyo. Mkataba wa Kiingereza ulikuwa na maneno mawili tofauti, moja la mlinzi na jingine la polisi, na kila mojawapo lilikuwa na haki na mipaka yake. Nilipojaribu kuyaweka katika Kiswahili cha watu wanaosimama langoni, yote mawili yalinirudia yakiwa neno moja: askari. Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, ambako humhusu mtu wa jeshi. Huku kwetu lilipanuka mno. Tuna askari wa jeshi, askari polisi, askari gereza, askari kanzu, askari wa jiji ambao Nairobi huwaita kanjo kwa kumbukumbu ya baraza la mji la zamani. Na yule mzee mwenye koti refu na tochi nje ya duka la dawa naye ni askari. Nairobi ilipotaka kumpa jina lake mwenyewe, ilimwita soja, yaani ilimrudisha jeshini kwa mlango wa Kiingereza.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba lugha yetu ilikuwa na neno la mtu anayelinda mlango tu. Bawabu lilikuwepo, na limo katika kamusi zote. Jiji hili halikulichagua. Huenda ni bahati tu; maneno hupendwa au kuachwa bila ya kikao. Lakini mwanangu wa jirani mwenye umri wa miaka sita anapokimbia kumwita 'askari' kwa sababu ameona nyoka barabarani, hamwiti mtu wa mpaka fulani. Anamwita mtu ambaye kazi yake ni kuja.

Hapo ndipo nilipoyaendea maktabani yale niliyopaswa kuyajua zamani. Historia ambayo polisi wa Kenya wenyewe huisimulia kuhusu asili yao haianzii ikulu wala bungeni. Huanzia ghalani. Mnamo mwaka wa 1887 na kuendelea, kampuni ya biashara ya Sir William Mackinnon, ile iliyopewa hati ya kifalme mwaka wa 1888 na kujulikana kwa kifupi kama IBEA, ilihitaji watu wa kulinda bohari zake katika pwani ya Mombasa. Watu hao ndio mbegu. Serikali ya Uingereza ilipoichukua nchi kutoka mikononi mwa kampuni hiyo mnamo 1895, na reli ilipoanza kujengwa mwaka uliofuata, ulinzi ulifuata mataruma kuelekea bara. Sheria rasmi ya kuunda jeshi la polisi ilikuja mwaka wa 1906. Kwa hiyo tunapoulizana leo kama kazi ya polisi inaweza kukabidhiwa kampuni, tunaliuliza swali kinyumenyume. Ilikuwa ya kampuni tangu hapo. Polisi wetu alizaliwa bawabu, kisha akapandishwa cheo.

Alipopandishwa cheo, alimlinda nani? Chuo Kikuu cha Nairobi na kituo cha polisi cha Central ni majirani, na barabara ipitayo hapo ina jina la Harry Thuku. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika upande huo wa mji kudai kwamba Thuku aachiliwe, na Mary Muthoni Nyanjiru akawa mstari wa mbele. Polisi walifyatua risasi. Inasimuliwa kwamba walowezi waliokuwa kwenye veranda ya hoteli ya Norfolk nao walifyatua zao, bila ya kuombwa. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walihesabu zaidi. Nimepita mahali pale tangu mwaka wangu wa kwanza chuoni, mara nyingi nikiwa nimechelewa kuingia darasani, na sikuwahi kusimama. Sasa nikipita huwaza juu ya wale wa kwenye veranda. Hawakuwa na sare wala kiapo. Walijua tu kwamba bunduki za polisi na zao zilikuwa zikilinda ukuta mmoja.

Nisije nikaonekana kwamba ninaipamba serikali ili niishutumu kampuni. Juni 2025, miezi miwili kabla ya mwenyekiti kuniletea karatasi zake, mwalimu Albert Ojwang alifia mikononi mwa polisi katika kituo hicho hicho kilicho jirani na chuo chetu. Polisi walisema kwanza kwamba alijigonga kichwa katika ukuta wa korokoroni. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha vingine. Tarehe 17 ya mwezi huo, waliojitokeza barabarani kulalamikia kifo hicho walishambuliwa katikati ya jiji na vijana wenye marungu na mijeledi. Vijana hao hawakuvaa sare yoyote. Katika semina yetu wiki hiyo tulikuwa tujadili uhakiki wa kimaadili. Mhadhiri aliingia, akatutazama, akafunga dirisha linaloelekea barabarani, na tukakaa.

Ndiyo maana sikuwashangaa majirani zangu waliposema kwamba afadhali mtu ajinunulie usalama wake. Nami ninayeandika haya nililelewa kwa usalama walionunua watu wengine.

Baba alikuwa mlinzi wa usiku Lavington kwa miaka kumi na minane. Sisi tuliishi Kawangware, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka lango lake, katika chumba kimoja cha mabati. Kila jioni saa kumi na moja alipiga pasi suruali yake ya rangi ya samawati, akalivaa koti, akalichukua rungu, akatuaga. Nikiwa mtoto niliamini kwamba Baba analinda usiku wenyewe, wote, pamoja na sisi tuliokuwa ndani yake. Mama ndiye aliyenisahihisha, kwa upole, kwamba analinda nyumba moja yenye mbwa watatu na magari mawili. Nyumba hiyo ilikuwa na kitufe cha dharura. Kikibonyezwa, gari la kampuni lilifika kabla ya chai kuchemka, watu wanne wakashuka wakikimbia. Baba alilihadithia gari hilo kwa fahari, kana kwamba ni lake.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Usiku mmoja wa Desemba 2011, wakati Baba akiwalinda wale mbwa, watu waliuvunja mlango wetu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Walichukua redio, mtungi wa gesi, na cherehani ya Mama ambayo ndiyo iliyokuwa ikitulipia karo. Mama alipiga mayowe mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyetoka. Mtaani kwetu kulikuwa na vijana waliopita kila Jumamosi kukusanya shilingi ishirini kwa kila mlango, eti za ulinzi, na Mama hakuwa ametoa kwa majuma mawili. Hatukujua kama kulikuwa na uhusiano. Tulichokifanya ni kulipa madeni yote Jumamosi iliyofuata, na hatukukosa tena. Katika kituo cha polisi, ambacho sitakitaja, Baba alipewa nambari ya OB na kuelezwa kwamba gari halikuwa na mafuta. Aliuliza ni shilingi ngapi. Waliangaliana. Hakuwa nazo.

Hayo ndiyo yaliyokuwa magari yetu mawili: lile lililofika kabla ya chai kuchemka, na lile lisilokuwa na mafuta. Kati yake palikuwa na mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Mwaka wa 2013 Baba alirudi nyumbani asubuhi akiwa na barua. Ilikuwa ya Kiingereza, na kwa kuwa nilikuwa kidato cha pili alinipa nimsomee. Ilieleza kwamba alfajiri ya siku fulani mlinzi huyu alionekana na mwenye nyumba akiwa nje ya lango, barabarani, hali lango likiwa wazi. Kwa hiyo atakatwa mshahara wa siku tatu na kuhamishiwa kwenye ghala moja huko Industrial Area. Nilimtafsiria neno kwa neno. Nilipofika mahali pa kosa lenyewe nilimwambia, "Wanasema uliacha lindo."

"Sikuacha," akasema. "Nilitoka."

Nilimwona kama anacheza na maneno. Nikamwambia kwamba neno la Kiingereza lililopo hapo maana yake ni kuacha, kutoroka. "Mama," akaniambia, maana nimeitwa jina la mama yake mzazi na ndivyo anavyoniita hadi leo, "anayeacha harudi. Mimi nilitoka, nikarudi." Ndipo aliponieleza. Saa kumi na moja alfajiri alisikia mwanamke akipiga kelele nje ya ua. Alikuwa mmoja wa wale wanawake wanaopanda kutoka Kawangware gizani kwenda kufua na kupika katika nyumba za watu. Baba alifungua lango, akakimbia na rungu lake, na wale watu wakakimbia. Mwanamke alikuwa amepoteza shilingi mia moja na kitambaa cha kichwa. Baba alimsindikiza hadi penye taa. Ilichukua dakika nne au tano. Mwenye nyumba, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimpa shilingi mia tano kwa ajili ya ujasiri wake, kisha akaipigia kampuni simu kuhusu lango. Sioni ukinzani katika matendo hayo mawili, ingawa nimejaribu kuuona. Alikuwa amenunua kitu fulani, na kwa dakika nne hakuwa nacho.

Hiyo ndiyo iliyokuwa tafsiri yangu ya kwanza. Niliikosea, na aliyenisahihisha alikuwa ameacha shule darasa la sita.

Nikirudi kwenye mkataba wetu: mkutano wa wakazi ulifanyika Jumapili baada ya ibada, mahali tunapoegesha magari, chini ya hema la kukodi. Mwakilishi wa kampuni alikuja amevaa tai. Walinzi wawili walisimama langoni, umbali wa kutosha kuona midomo yetu ikisema lakini si kusikia. Hakuna aliyewaletea viti. Nami sikuwaletea, nalisema hili ili nisije nikajitoa miongoni mwa wenzangu.

Mapendekezo yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa mkataba wenyewe, pamoja na kitufe cha dharura na gari la doria. La pili lilitolewa na mzee mmoja aliyestaafu kutoka benki. Alitaka tuungane na fleti nne za jirani, tuombe polisi wenye bunduki wakae katika kichochoro chetu usiku kwa malipo. Wengine walidhani anatania. Alikuwa akisema kweli: Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka wa 2011 inamruhusu Inspekta Jenerali kuwapeleka maafisa wakalinde mahali pa mtu binafsi, ilimradi mtu huyo alipe. Ndiyo maana hamwoni benki isiyo na polisi mlangoni. Katiba ya 2010 imeiweka kazi ya polisi chini ya serikali ya kitaifa, hata gavana hana uwezo wa kuajiri wake, na kanjo wake huishia kwenye sheria ndogo za mji. Ila polisi yule yule wa taifa anaweza kukodishwa kwa usiku. Mama mwenye duka la dawa aliuliza, "Na akikodishwa kwetu, kule alikotoka anabaki nani?" Mzee alijibu kwamba hilo si swali la chama cha wakazi. Nadhani alikuwa sahihi, na jibu lake limekuwa likinisumbua tangu siku hiyo.

Kijana mmoja aliyewahi kusoma Atlanta alituambia kwamba karibu na mji huo kuna mji mdogo, Sandy Springs, uliokabidhi kazi zake zote kwa kampuni, na watu wake wanalala mlango wazi. Nilikwenda kulithibitisha baadaye. Ni kweli kwamba mji huo ulipoanzishwa rasmi Desemba 2005 uliipa kampuni ya CH2M Hill takriban kazi zote za halmashauri, kuanzia barabara hadi vibali vya ujenzi. Lakini polisi na zimamoto haukuzitoa. Hizo ziliajiriwa na mji wenyewe. Na mnamo 2019 mji uliamua kuzirejesha nyingi ya kazi nyingine pia mikononi mwake. Kwa hiyo hata wale walioamini kwamba kampuni inaweza kufanya kila kitu walisita walipofika kwa mtu mwenye bunduki na uwezo wa kukamata. Sisi, ambao hatujawahi kuketi kuamua lolote, tulikwishafika mbali kuliko wao. Nairobi haikutia sahihi mkataba wowote wa kukodisha polisi wake. Ilifanya hivyo lango kwa lango, usiku baada ya usiku, hadi walinzi wa kampuni wakawazidi polisi kwa idadi mara kadhaa.

Mwingine alikumbusha Westgate: kwamba tarehe 21 Septemba 2013 waliotangulia kuingia ndani kuokoa watu walikuwamo raia wenye bunduki zenye leseni, na kwamba watu 67 waliuawa. Ni kweli. Mimi nilikumbuka, ingawa sikusema, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998 katika makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Walinzi wa lango la nyuma walikuwa wa kampuni, hawakuwa na bunduki, na walikataa kulifungua lango. Zaidi ya watu mia mbili walikufa siku hiyo, wengi wao wakiwa wapita njia na wafanyakazi wa majengo ya jirani. Je, wale walinzi walikuwa wakilinda mpaka wa mteja? Kwa mujibu wa karatasi, ndiyo.

Nilipopewa nafasi nilisoma kifungu cha tisa kwa Kiswahili. Nilikisoma polepole. Kisha nikawaambia yaliyompata dada yangu, ambayo wengi walikuwa wameyasikia lakini si pamoja na lile jicho. Dada alikuwa ameketi mstari wa pili, aliinamisha kichwa. Nilipendekeza kifungu kifutwe.

Mwakilishi hakukasirika. Alikuwa mtu mwerevu na nadhani aliwahi kuulizwa hayo. Alieleza kwamba mlinzi akidungwa kisu nje ya ua, bima haitalipa. Alieleza kwamba wezi wajanja huweka mwanamke wa kupiga kelele nje ili lango lifunguliwe. Na alieleza habari ya mishahara: mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya 2016 ya kudhibiti ulinzi wa kibinafsi ilitangaza kwamba kuanzia 2024 mlinzi wa Nairobi asilipwe chini ya shilingi 30,000 kwa mwezi, na kampuni zikakimbilia mahakamani. "Tukilipa hivyo," alisema, "nyinyi hapa hamtatuweza." Hakuna aliyembishia. Kila mmoja wetu alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake. Mtu tunayemlipa chini ya hapo ndiye niliyekuwa ninamtaka akimbie gizani kwa ajili ya dada yangu.

Alikwenda kando, akapiga simu. Aliporudi alisema kampuni inaweza kuruhusu mlinzi atoke hadi mita ishirini kutoka langoni, ikiwa kuna hatari ya maisha, na ikiwa mwenzake amebaki lindoni. Mita hizo zingeongeza shilingi elfu moja na mia tano kwa mwezi, kwa sababu ya bima. Mama wa duka la dawa alicheka kwa sauti. Mtu akauliza kama thelathini zingekuwa bei gani. Nilitaka kuamini kwamba alikuwa akitania.

Tulipiga kura. Niliinua mkono kuunga mkono. Dada alitazama mkono wangu, kisha akainua wake. Tunarudi nyumbani usiku sote wawili, na tunataka kulala.

Usiku huo nilimpigia Baba simu. Siku hizi yuko Vihiga, ana ng'ombe mmoja na maoni mengi. Nilimsomea kifungu kipya, nikamuuliza iwapo niandike kwamba mlinzi anaweza 'kuondoka lindoni' ama 'kuacha lindo kwa muda'. Alinyamaza hata nikadhani laini imekatika.

"Andika atoke," akasema. "Na uandike arudi."

Niliandika hivyo. Kesho yake jioni niliwasomea walinzi mkataba wote, tukiwa tumekaa kwenye ngazi. Mkubwa wao ana mvi, nami humwita Mzee. Alisikiliza hadi kifungu cha tisa, akaomba nirudie. Kisha akainuka, akafungua lango, akasimama kwenye kizingiti na kuanza kupiga hatua akielekea barabarani, akihesabu kwa sauti. Alifika ishirini na sita, akasema kwa hatua zake hizo ni mita ishirini. Alikuwa amesimama kwenye nguzo ya umeme. Mbele yake, ng'ambo ya mtaro, palikuwa na lango la jirani na taa yake.

"Na pale, Mwalimu?" akaniuliza, akinyosha rungu. "Pale alipokabwa dada yako?"

Nilimwambia pale ni nje.

"Nje," akarudia. Alirudi, akafunga lango, akaniomba kalamu.